Kiota cha Lukresia

Mwalimu Rupert alikuwa na tabia moja iliyowachosha watu wote waliowahi kula naye: hakuweza kumaliza sahani bila kumtaja ndege. Ukimkaribisha wali, atakwambia jinsi mnana anavyofuma kiota kwa nyasi mbichi, na jinsi anavyoachwa solemba jike akija kukikagua na kukikataa. Ukimpa togwa, atakueleza habari za fundichuma na lile lijumba lake la vijiti ambalo mtu mzima anaweza kusimama juu yake lisibonyee. Lakini ndege aliyempenda kuliko wote, aliyemfanya aamke alfajiri kila Jumamosi, avae buti, avae darubini shingoni na kupanda milima ya Matogoro, nje ya mji wa Songea, alikuwa hondohondo.

"Yule wa kwetu," alipenda kusema, "mwenye mdomo wa rangi ya maziwa mgando. Nenda pwani, humpati. Nenda Arusha, humpati. Ni wa miombo hii hii ya kusini." Alitamka "wa kwetu" kama mtu anayemsifia mjomba aliyepata ubunge.

Kilichomvutia zaidi kwa hondohondo ni ndoa yake. Mvua za kwanza zikikaribia, jike huingia kwenye tundu la mti na kuuziba mlango kwa udongo, yeye mwenyewe akiwa ndani. Huacha ufa mwembamba wa kupitisha mdomo tu. Humo hutaga, huatamia, hunyonyoka manyoya mpaka hawezi kuruka. Na muda wote huo dume hutafuta chakula, huja, huita, kisha humpitishia mkewe kwenye ufa: panzi, kiwavi, tunda la porini.

"Wiki baada ya wiki! Hachoki! Hanuni!" Akifika hapo mwalimu machozi humlengalenga. "Huyo ndiye mume, jamani. Huyo ndiye mume."

Mkewe, Lukresia, alikuwa ameyasikia maneno hayo kila msimu tangu waoane. Aliyasikia akiwa amesimama, maana kwake yeye kukaa wakati wa kula ilikuwa bahati. Alikuwa na mgahawa Mfaranyaki, karibu na kijiwe cha bodaboda. Alifungua asubuhi ukungu ukiwa bado umelala barabarani, akawalisha madereva, wauza mitumba, mafundi cherehani na yeyote aliyepita na tumbo tupu, kisha jioni akarudi nyumbani Mjimwema kumlisha mwalimu. Watoto wao wawili walikuwa shule ya bweni, na wakija likizo nao walikuja na njaa zao.

Jumamosi moja, mawingu ya mvua za kwanza yakiwa yameanza kujikusanya, mwalimu Rupert alirudi kutoka Matogoro akiwa na furaha isiyo kifani. Alikuwa amemwona jike akiziba tundu. Aliingia ndani akivua buti na kuanza kusimulia tangu sebuleni, akaendelea kusimulia koridoni, akafika kwenye mlango wa chumba cha kulala, akanyamaza.

Mlango haukuwapo. Mahali pake palikuwa na ukuta wa fito na udongo, uliokandikwa tangu kizingiti cha chini mpaka cha juu, umesawazishwa vizuri kwa kiganja kama nyumba za zamani za vijijini. Katikati, usawa wa kidevu, kulikuwa na ufa.

Rupert aliupapasa. Udongo wa kichuguu, bado unyevunyevu. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba wiki nzima alikuwa akiruka ndoo za udongo pale sebuleni, na kwamba jana yake alijikwaa kwenye mzigo wa fito akainuka na kuuliza kama kuna mtu aliyeiona darubini yake.

"Lukre," aliita. "Lukresia! Uko wapi?"

"Niko kwenye kiota," sauti ilijibu kutoka ndani, sauti tulivu ya mtu aliyejinyoosha kitandani.

"Kiota gani?"

"Si wewe unayevijua viota?"

Mwalimu aliinama akachungulia. Aliona giza, kisha jicho. Jicho lilimtazama bila haraka.

"Mke wangu, umefanya nini?"

"Nimeziba. Nina njaa, Baba Remmy."

Remmy alikuwa mtoto wao wa kwanza, na Lukresia alimwita mumewe hivyo siku ambazo hakutaka ubishi. Rupert alisimama akikuna kichwa. Alijaribu kufikiri kama mwanasayansi.

"Utatoka lini?"

"Wanatoka lini?"

"Inategemea aina. Wapo ambao jike anatoka makinda wakifika nusu ya ukubwa, anasaidiana na dume kulisha. Wapo, kama wale wakubwa wa kando ya mito wanaolia kama watoto wachanga, ambao mama habanduki mpaka makinda wawe tayari kuruka."

"Basi na mimi sijajua ni aina gani," alisema Lukresia. "Nitajua kwa jinsi utakavyonilisha."

"Lakini pia," Rupert alisema haraka, kama wakili aliyekumbuka kifungu, "kuna mumbi! Yule mkubwa mweusi anayetembea chini. Naye ni wa ukoo huo huo wa hondohondo, na jike wake hazibwi ndani hata kidogo!"

"Anapatikana wapi?"

"Huko porini, Namtumbo, Tunduru, ukienda..."

"Nenda kamwoe huyo."

Jicho likaondoka kwenye ufa.

Rupert alitoka akazunguka nyuma ya nyumba. Dirisha la chumba lilikuwa na nondo nzito alizozichagua mwenyewe kwa kuogopa wezi, na chumba kilikuwa na choo na bafu lake ndani, jambo alilojisifia sana kwa majirani wakati wa kujenga. Sasa aliona kwamba alikuwa amemjengea mkewe ngome. Alipojaribu kusemea dirishani, pazia lilivutwa. "Hondohondo hana dirisha," sauti ilisema.

Alipanda bodaboda mpaka Mfaranyaki. Mgahawani alimkuta Zuhra, binti kutoka kijiji cha Nakapanya aliyekuwa akimsaidia Lukresia kupika, akigeuza chapati.

"Zuhra, nifungie wali na maharage, wa mama yako."

"Shikamoo, Mwalimu. Sikupi."

"Marahaba. Hunipi nini?"

"Chochote. Mama ameacha maagizo. Wallahi hata chai sikupi." Zuhra aligeuza chapati nyingine. "Amesema kwani huko msituni dume ana mgahawa wa kwenda kununua?"

Madereva wa bodaboda waliokuwa wamekaa kwenye benchi waliinamia supu zao kwa heshima kubwa. Rupert alielewa kwamba walikuwa wanajua kila kitu, na kwamba walijua kabla yake. Alijaribu duka la chipsi la jirani. Mwenye duka alisema mafuta yameisha, huku mafuta yakichemka mbele yake.

Jioni ile mwalimu Rupert alipika ugali kwa mara ya kwanza maishani mwake. Ulikuwa ugali wa aina yake: chini umeungua, juu uji, katikati kuna mabonge ya unga mkavu yanayopasuka mdomoni. Aliuweka kwenye sahani na mchicha pembeni, akaenda koridoni, akagundua kwamba sahani haipiti. Aliinamisha, akageuza, akajaribu bakuli, akajaribu kisosi cha chai. Ufa ulikuwa wa upana wa vidole tu.

"Lukre, sahani haipiti."

"Hondohondo analishwa kwa sahani?"

Hapakuwa na njia nyingine. Alinawa, akakata tonge, akalichovya, akalipitisha kwenye ufa kwa vidole. Akasubiri. Hakuna aliyelichukua.

"Lukre?"

"Hujaita."

"Nimekuita sasa hivi!"

"Umeniita Lukre. Kila mwaka unatusimulia kwamba dume akifika anaita kwanza, jike ajue ni mumewe na si nyoka."

Kwa hiyo mwalimu wa Baiolojia, mjumbe wa kamati ya taaluma, mtu anayevaa tai hata siku ya mitihani ya majaribio, alisimama kwenye korido ya nyumba yake na tonge mkononi akapiga mluzi. Alikuwa hodari wa kuiga sauti ile: piu-piu-piu, juu kisha chini, kama mtu anayelalamika kwa adabu. Ndipo midomo ikalichukua tonge vidoleni mwake. Kukasikika sauti ya kutafuna.

"Bichi," ilisema sauti. "Lingine."

Ndivyo yalivyoanza maisha mapya ya Rupert. Asubuhi alimpa uji na togwa kwa mrija, mwisho mmoja ukiwa ndani ya kikombe alichokishika yeye, mwisho mwingine ukipotelea gizani. Mapumziko ya shule alikimbia nyumbani na jasho likimtiririka. Akiingia darasani amechelewa, chaki mkononi na unga kwenye tai, wanafunzi walisimama wakasema kwa pamoja, "Shikamoo, Mwalimu," na mmoja nyuma kabisa akapiga mluzi: piu-piu-piu.

Lukresia naye alikuwa na shughuli zake. Alikuwa na simu na chaja, akauongoza mgahawa akiwa kitandani. Alilala mpaka saa alizotaka. Siku moja Rupert alikuta kitu cheusi kinasukumwa nje ya ufa, kirefu, kikadondoka miguuni pake kama nyoka. Aliruka. Zilikuwa rasta.

"Manyoya hayo," alisema Lukresia. "Nimenyonyoka."

Rupert aliziokota moja baada ya nyingine. Akajikuta, bila kukusudia, akizipanga mezani kwa urefu.

Siku ya soko alipata mbasa mzuri aliyeletwa kutoka Mbamba Bay. Alimkaanga, na kwa kuwa sasa alikuwa anaanza kupenda kusifiwa, alichambua kichwa kwa makini, akatoa mashavu na macho na vinofu vyote vya gegedu, akapiga mluzi, akapitisha.

"Hapana," alisema Lukresia.

"Ni kichwa! Nimekutolea kichwa chote."

"Kichwa cha samaki sikipendi."

Rupert alicheka. "Wewe? Lukre, tangu tuoane unakula kichwa."

"Nakula kichwa kwa sababu wewe unakula mkia na katikati."

Mwalimu alibaki ameshika kinofu hewani. Alikumbuka samaki wote. Alikumbuka samaki wa harusi yao. Alikumbuka jinsi alivyokuwa akiwaambia wageni, kwa fahari, kwamba mke wake anapenda sana kichwa, hata usipompa atakasirika. Yeye ambaye angeweza kukwambia hondohondo wa Matogoro anakula nini Novemba na nini Januari. Alirudi jikoni, akachukua pande nono la katikati, akalitoa miiba kwa kulipapasa kama kipofu asomaye, akarudi. Alisahau kupiga mluzi. Lukresia alilipokea hivyo hivyo, na akakaa muda mrefu kidogo bila kuomba lingine.

Siku ya nne hivi, au ya tano, alikuja mwenyekiti wa mtaa, Bwana Kajetani, mtu mnene mwenye kofia ya pama na sauti ya kikao. Alikuwa amepata malalamiko kwamba kuna mwanamke amejengewa ukutani.

"Mama," alisema akiuelekea ufa, "umefungiwa?"

"Nimejifungia, Mwenyekiti. Karibu."

"Una shahidi?"

"Mimi mwenyewe nilikuwepo."

Kajetani alitafakari hilo. Rupert alimvuta pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mwenyekiti, naomba amri yako tubomoe. Ofisi ikisema, hatakataa."

"Tatizo ni wewe, Mwalimu."

"Mimi?"

"Mwaka jana ulikuja kwenye kikao cha mtaa ukatutolea hotuba kuhusu viota. Ulilia. Tukapitisha kwamba ndani ya mtaa huu ni marufuku kubomoa kiota chochote chenye mama ndani mpaka msimu uishe. Sisi tulitaka tuseme kiota cha ndege. Ukasema hapana, wekeni 'kiota chochote', isije ikaleta utata."

"Nilikuwa na maana ya popo, Mwenyekiti. Popo si ndege."

"Na mkeo je, ni ndege?"

Kajetani alimpigia Lukresia saluti ndogo, akaenda nje, na kabla ya kuondoka akapigilia kibao kwenye mti wa mbele ya nyumba: MSIMU WA KUATAMIA. TAFADHALI PITA KIMYA.

Kibao kilifanya kinyume cha kilichokusudiwa. Akina mama wa jumuiya walikuja kusali, wakajikuta wamefika saa ya kulisha, na baada ya hapo hawakukosa kufika. Walitandika mikeka koridoni na sebuleni. Mwalimu akitokea na bakuli, walinyamaza kama watu waliojificha vichakani. Akipiga mluzi, walishikana mikono. Tonge likiingia, walishusha pumzi kwa pamoja.

"Tazama anavyolipuliza kwanza," alinong'ona mmoja.

"Usimstue. Atakimbia."

Jirani wa ng'ambo ya barabara, Pamela, ambaye alikuwa na mtoto mchanga na hakuweza kuja, aliomba kuazima darubini. Rupert, akiwa amechanganyikiwa na mboga ya mlenda inayomwagika, alimpa. Tangu siku hiyo kila alipopita na kikombe mbele ya dirisha la sebule aliona ng'ambo vioo viwili vikimfuata. Aliwahi kukaa vichakani Matogoro kutwa nzima akimtazama dume la hondohondo, na haikuwahi kumpitia akilini kwamba huenda na yeye dume alikuwa anaona haya.

Habari zilifika Matimila, kijijini kwa wazazi wake. Mama yake, Bibi Noela, alishuka kwenye gari la asubuhi akiwa na kanga mbili kiunoni na hasira za kutosha watu watatu. Hakuitikia shikamoo ya mtu. Alimkuta mwanawe jikoni, amejifunga kitambaa, anapekecha mboga.

"Nani amekuroga?"

"Shikamoo, Mama. Hakuna aliyeniroga, ila nisiposimama hapa itaganda."

Bibi Noela alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ukuta wa udongo, akaugonga kwa ngumi. "Wewe Lukresia! Tangu lini mke akalishwa kama kifaranga? Baba yake Rupert tangu anioe hajawahi hata kunisogezea chumvi!"

"Karibu, Mama," Lukresia alisema. "Vuta kigoda. Umekula?"

Kisha Bibi Noela akavuta kigoda. Rupert, akiwa jikoni, alisikia wakiongea Kingoni, kwanza kwa ukali, kisha kwa kunong'ona, kisha akasikia jambo ambalo hakuwahi kulisikia tangu alete mchumba nyumbani: mama yake na mke wake wakicheka pamoja mpaka mmoja akakohoa. Aliponyanyua kichwa kuchungulia, mama yake alikuwa ameingiza mkono mzima kwenye ufa, amemshika mkwewe mkono.

Alikaa siku kadhaa. Kila saa ya kulisha alikaa mbele ya mikeka yote, kidevu mkononi, akimtazama mwanawe, na hakuna aliyejua anawaza nini.

Kisha asubuhi moja, mvua ikiwa imenyesha vizuri usiku na nchi nzima inanukia udongo, ulisikika mshindo kutoka ndani. Mshindo wa pili. Ukuta ukapasuka, na mchi wa kinu ukatokeza katikati ya udongo. Lukresia alitoka akiwa amenyoa kipara kinachong'aa, mashavu yamejaa, ngozi imelainika kama ya mtu aliyekunywa maji ya kisima kipya. Akina mama walipiga vigelegele. Ng'ambo ya barabara Pamela naye alipiga vigelegele, na mtoto akaanza kulia.

"Umetoka nusu ya msimu!" alisema Rupert, machozi yakimlenga. "Basi wewe ni wa kwetu. Wa mdomo wa maziwa mgando."

"Umejitahidi," alisema Lukresia. "Ugali wa juzi ulikuwa ugali."

Wakatoka pamoja mpaka Mfaranyaki kumsalimu Zuhra, wakitembea kwa miguu, polepole, Lukresia akijifunza upya kuona mbali. Zuhra alimwambia alhamdulillah, umenenepa, akawaandalia wote wawili meza. Rupert alikalishwa na kupewa chai kama raia wa kawaida. Alijiona mtu aliyeponea chupuchupu.

Waliporudi mchana, chumba kilikuwa kimezibwa tena.

Udongo ulikuwa mbichi, na umekandikwa kwa ustadi zaidi kuliko wa mwanzo, kwa mapambo ya vidole pembeni kama walivyofanya mabibi wa zamani. Ufa ulikuwa mwembamba zaidi.

"Nani yumo?" Rupert aliuliza, ingawa moyoni alishajua.

"Mimi."

"Mama! Toka huko!"

"Si wewe uliyewaambia wanawake juzi kwamba mama akitoka, waliobaki ndani wanaziba tena?"

"Wale ni makinda, Mama! Makinda!"

"Na mimi nilikuwa kinda," alisema Bibi Noela. "Kabla hata sijaota meno ya ukubwani nilikuwa natwanga. Hakuna aliyenilisha mimi tangu niachishwe ziwa. Leteni chakula."

Rupert alimgeukia mkewe. Lukresia alikuwa ameshavua viatu, anafunga kitambaa kichwani juu ya kipara chake.

"Unasema nini sayansi yako?" aliuliza.

"Inasema," Rupert alijibu kwa sauti ndogo, "wazazi wote wawili wanalisha."

Wakalisha. Mmoja alipika, mmoja alipuliza. Mmoja alikwenda kazini, mmoja alibaki. Wakakutana koridoni na tonge tonge mkononi, wakipishana kama watu wa zamu. Kitu kimoja tu kiliwashinda: Bibi Noela alikula, alishukuru, lakini kutoka hakutoka. Alisema chakula cha watoto ni kizuri ila bado hajalishwa.

"Na nani, Mama?" Lukresia aliuliza, ingawa naye moyoni alishajua.

Mzee Fransisko, mume wa Bibi Noela, aliletwa na bodaboda kutoka stendi, amekaa wima nyuma ya dereva, fimbo mkononi, gunia la viazi vitamu likiwa kati yao. Alikuwa mzee wa kanisa, mkulima wa mahindi, mtu ambaye kule Matimila watu walinyoosha mavazi yao wakimwona anakuja. Mikeka yote ilisimama kumwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba moja ya wote.

"Mke wangu yuko wapi?"

"Ukutani, Baba," alisema Rupert.

Mzee aliugonga ukuta kwa fimbo. "Noela. Toka twende nyumbani."

"Nina njaa."

"Toka basi upike."

Mtu mmoja kwenye mikeka alifanya ishara ya msalaba. Kutoka ndani hakukuja jibu lolote. Mzee aliugonga tena, polepole kuliko mwanzo, kisha hakuugonga tena. Alitazama vidole vilivyochorwa kwenye udongo. Aliviwekea kiganja chake juu, kama mtu anayepima.

"Moto mnawashia wapi?" alimwuliza mkwewe.

Hakukubali jiko la gesi. Aliwasha kuni uani, akachuchumaa kwa shida, goti moja likilalamika, akafukia viazi kwenye majivu kama alivyofanya alipokuwa mchungaji wa ng'ombe kabla hajawa mtu mkubwa. Hicho ndicho chakula pekee alichokijua. Alivigeuza kwa vidole, akajiunguza, akanung'unika, akakataa kusaidiwa. Akaja koridoni na kiazi kimoja ndani ya kofia yake, akakimenya, akakipuliza kwa muda mrefu, akamega. Rupert alitaka kumweleza habari za mluzi. Lukresia alimkanyaga mguu.

Mzee alipitisha kipande kwenye ufa. Kilichukuliwa.

"Kimeungua upande mmoja," ilisema sauti ya Bibi Noela.

"Kimeungua pande zote."

"Lete kingine."

Alileta kingine. Alipoletewa kigoda alikikataa, kisha akakikalia. Walianza kuongea, kuhusu ng'ombe aliyekuwa mgonjwa, kuhusu shamba la bondeni kama limepata mvua, kuhusu mtoto wao wa kike aliyefariki zamani na ambaye Rupert hakuwahi kuwasikia wakimtaja wakiwa pamoja. Akina mama wa jumuiya walikunja mikeka yao mmoja mmoja wakatoka bila kuambiwa. Ng'ambo ya barabara pazia la Pamela lilifungwa.

Mzee Fransisko alikaa Mjimwema mpaka gunia likaisha. Bibi Noela alitoka siku mbili kabla ya hapo, kwa mlango mdogo alioukata mwenyewe kwa kisu, nadhifu, akaweka vipande vya udongo kando vitumike tena. Rupert hakuuliza vitatumika na nani. Alikuwa amesikia kwamba Bwana Kajetani anatafuta wapi pa kuficha vichuguu vya mtaa mzima, maana kila siku vilikuwa vinapungua, na kwamba mke wa mwenyekiti mwenyewe ameonekana akibeba fito.

Wazee walirudi Matimila kwa gari la mchana, wamekaa kiti kimoja, hasira zimeachwa Songea. Januari, shule zilipofunguliwa, mwalimu Rupert alikuwa darasani akifundisha mfumo wa mmeng'enyo wa chakula simu ilipotetemeka mfukoni. Aliona jina la baba yake, ambaye tangu anunuliwe simu hakuwahi kumpigia mtu. Alitoka mbio mlangoni akiogopa msiba.

"Shikamoo, Baba. Kuna nini?"

"Marahaba." Kulikuwa na sauti ya kitu kinachochemka kwa nguvu. "Nina haraka. Mlenda, mwanangu. Magadi yanatangulia au yanafuata?"

"Yanatangulia, Baba. Maji yakichemka tu. Kidogo sana."

"Kidogo kiasi gani?"

"Ncha ya kidole. Na usifunike."

Simu ikakatwa bila kuaga. Mwalimu aliirudisha mfukoni, akaingia darasani, akaendelea na utumbo mwembamba.